Futi Mia Nane

Kituoni, 6 Februari

Dada yangu,

Nimefika salama, mwambie Mama aache kuwasumbua watu kwa simu. Mtandao wa huku ni wa kubahatisha: unapanda ngazi ya tangi la maji, unainua mkono juu kama mtu anayekamatwa, ukipata bahati unasikia neno moja na nusu. Na simu ya ofisini kwako inarekodiwa, tena hamruhusiwi kupiga soga na marubani. Basi tuandikiane. Ndege ya vifurushi inatua hapa kila Jumatano asubuhi na kurudi kwenu kabla ya mchana. Usiniletee uvivu.

Chumba changu kiko nyuma ya banda la ndege. Nina kitanda, meza yenye mguu mmoja mfupi, na dirisha linalotazama milima. Ng'ambo ya milima kuna viwanja vinne vya udongo, kila kimoja na zahanati yake, na sisi ndio gari la wagonjwa. Njia ni moja tu, pengo kati ya vilele viwili. Wenyewe wanapaita Mlangoni. Mawingu yakianzia futi elfu mbili juu ya kiwanja chetu au zaidi, unapita chini yake ukiona njia. Yakishuka chini ya hapo, Mlango umefungwa, unabaki nyumbani.

Rubani mkuu ni Kapteni Miwani. Ana miwani mbili, ya kusomea na ya kuitafutia ile ya kusomea. Amenipa miezi ya majaribio, na mwezi wa sita atanihoji mwenyewe juu ya ramani za hali ya hewa. Nikishindwa narudi huko kufagia banda.

Sasa Dada, mtihani wa hali ya hewa chuoni nilipita kwa kukariri, unajua na ulinifichia siri. Asubuhi printa inatema utabiri, chini imeandikwa "Mtabiri Na. 7," najua ni wewe, natabasamu peke yangu. Halafu naangalia ramani na siambulii kitu. Nifundishe upya. Usinicheke.

Mdogo wako,
Kasuku

*

Ofisi ya Hali ya Hewa, 13 Februari

Kasuku,

Nimekucheka. Sasa tuendelee.

Kosa lenu marubani ni kudhani ramani ni picha. Hiyo ni kauli ya mtu kuhusu saa fulani, na saa hiyo imeandikwa pembeni. Ukichukua ramani ya saa sita mchana ukarukia saa kumi, umesoma gazeti la jana. Tazama pembeni kwanza.

Mstari wenye mawimbi, kama ukingo wa kitambaa kilichofumwa, unazunguka eneo la mawingu. Karibu yake kuna namba mbili, moja juu ya nyingine. Ya chini ni pale mawingu yanapoanzia, ya juu ni pale yanapoishia; ongeza sifuri mbili upate futi. Ukiona herufi CB, hilo ni wingu la radi. Tukishaandika CB hatuongezi kwamba kuna mtikisiko na barafu kwenye mabawa, kwa sababu tumeshasema yote. Usiliingie, usipite chini yake, usijifanye shujaa. Vijiti vyenye manyoya ni upepo, na manyoya yakizidi, upepo nao umezidi.

Utabiri wa kiwanja ukisema "kwa muda," maana yake hali hiyo itakuja na kuondoka. Ukisema asilimia thelathini za radi, msije mkasema sabini ni zenu. Na onyo likitoka katikati ya siku, linasimama juu ya kila ulichosoma asubuhi.

La mwisho halimo kitabuni. Ramani usiisome ukitafuta ruhusa. Mtu aliyeshaamua kwenda haoni kitu kingine ila ruhusa. Ukisita, baki chini. Hakuna safari yenye thamani kuliko wewe.

Mama anauliza unakula nini. Nimemjibu, chakula. Amenuna mpaka sasa.

Dada yako

*

Kituoni, 2 Aprili

Dada,

Najua, wiki saba kimya. Kulikuwa na kazi, na mengine, acha tu. Mwambie Mama nakula.

Ramani sasa nazisoma. Kapteni Miwani ananiuliza ghafla tukiwa tunaosha ndege, namjibu bila kukwama, ananyamaza. Kwake kunyamaza ni kusifu.

Nina swali moja, usikasirike. Watabiri wengine wa zamu, Namba Tatu na Namba Tano, wanakosea huku na huku, leo juu, kesho chini, kama binadamu. Wewe unakosea upande mmoja tu. Ukisema mawingu yataanzia elfu moja na mia tano, yanakuja elfu mbili na zaidi. Ukisema radi, tunaanika nguo. Wenzangu hapa wanasema Namba Saba anatia chumvi. Mimi nimekutetea, nimesema milima ndiyo inayokuchanganya. Ni kweli?

Kasuku

*

Ofisini, 9 Aprili

Kasuku,

Umejibu vizuri. Milima inasumbua. Upepo ukigonga ukuta ule, vipimo vyetu vya huku haviwezi kuona kila kinachotokea, kwa hiyo mtabiri mwenye akili anachukua tahadhari. Waambie wenzako chumvi ni bora kuliko sanda.

Mbona barua yako imepoa hivyo? Kasuku ninayemjua mimi hajawahi kuandika ukurasa mmoja. Kama kuna jambo niambie. Nilikubeba mgongoni mpaka ukawa na miguu mirefu kuliko yangu, sitashtuka.

Mama amekushonea shuka. Ina maua. Pole.

Dada yako

*

Kituoni, Jumamosi 20 Aprili

Dada,

Asante kwa shuka. Nimekuwa kichekesho cha kituo kizima.

Lakini sikiliza, nina habari. Tangu katikati ya Machi nina daftari. Kila siku naandika utabiri ulisema mawingu yataanzia wapi, halafu mpimaji wetu wa hapa akipima, naandika yalianzia wapi kweli. Siku zako nimezitenga. Dada, hubahatishi kabisa! Unashusha mawingu kwa kiasi kilekile: futi mia nane. Wakati mwingine mia saba, wakati mwingine mia tisa, lakini ukijumlisha na kugawanya ni mia nane bila chenga. Labda ni kipimo chenu kimoja kibovu, labda ni hesabu fulani unaiweka ya milima. Mimi sijali. Nikijua saa inachelewa dakika kumi, naongeza kumi na kwenda zangu.

Ndivyo ninavyofanya sasa. Namba Saba akisema elfu moja na mia tano, mimi najua ni elfu mbili na mia tatu, Mlango uko wazi, naondoka. Wiki hizi tatu nimevuka mara sita hivyo, na mara zote sita nimekuta njia nyeupe. Wagonjwa sita, Dada, ambao wangebaki upande ule.

Kapteni Miwani sijamwambia. Nataka mwezi wa sita nimfungulie daftari mezani miwani zake zote mbili zidondoke.

Kasuku wako

*

Nyumbani, Jumapili 21 Aprili

Mdogo wangu,

Barua hii ni fupi, uisome mara mbili.

Kuanzia kesho Jumatatu, ninachoandika kuhusu kiwanja chako kisome kama kilivyo. Mkuu wa ofisi aliniita Ijumaa. Alikuwa na karatasi za miezi miwili, utabiri wangu upande mmoja na vipimo vya kituo chenu upande wa pili. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Huyu rubani wa pale ni nani wako?" Nikasema ni mdogo wangu. Akasema, "Basi mtabirie kama mtoto wa mwenzio."

Sitaki kueleza zaidi kwenye karatasi. Tutaongea ukija likizo. Wewe shika hilo: kuanzia kesho, futi ni futi.

Dada yako

*

Ofisini, Jumatano 24 Aprili, saa saba na dakika ishirini mchana

Kasuku,

Naandika kwa sababu hakuna kazi nyingine niliyoachiwa. Sijui nani atasoma.

Barua yako ya daftari imenifikia saa saba kasoro. Nilikuwa nimemaliza utabiri, nimekaa kula. Nikafika pale penye mia nane, nikasukuma sahani. Utabiri niliotoa saa tano unasema kuanzia saa saba mawingu Mlangoni yataanzia elfu moja na mia tano. Ni elfu moja na mia tano kweli. Sijapunguza hata futi moja. Na wewe, kwa daftari lako, utaongeza mia nane.

Nimetazama orodha ya safari. Ulivuka alfajiri kukiwa kweupe, uko ng'ambo, unapakia mgonjwa na muuguzi, unarudi saa saba. Barua yangu ya Jumapili imeshuka na ndege ya vifurushi saa tatu, iko mezani kwako. Wewe hukuwepo.

Nitakwambia nilichofikiria kwanza, unijue. Nilifikiria kutoa utabiri mpya na kuandika mia saba. Wewe ungeongeza mia nane zako, ungepata ukweli, ungebaki chini, na hakuna ambaye angejua. Vidole vilikuwa juu ya kibodi. Lakini utabiri mpya unapitia kwa mkuu, robo saa, na robo saa sikuwa nayo.

Nikainua simu. Ile inayorekodiwa. Nikampata mwongoza ndege wenu. Nikamwambia: "Mwambie rubani wa ng'ambo, kutoka kwa Namba Saba: tangu mwezi wa pili nimekuwa nikipunguza mawingu makusudi kwenye utabiri wenu. Tangu Jumatatu sipunguzi. Asiongeze kitu. Mlango umefungwa." Akaniuliza, "Makusudi?" Nikasema makusudi. Ofisi nzima ikageuka.

Akasema umesharuka. Akasema milima inaziba redio ya ndege, hatakupata mpaka ukaribie pengo lenyewe. Anaita kila nusu dakika.

Saa saba na dakika thelathini na tano. Bado. Mkuu amesimama nyuma yangu. Ameweka mkono kwenye kiti changu.

Saa saba na dakika arobaini na moja. Kasuku, jibu. Jibu, mdogo wangu. Nakuomba.

Saa saba na dakika arobaini na saba. Simu imelia. Umegeuza, umetua kulekule ulikotoka, wote wazima. Nimelia mbele ya watu, sina hata aibu.

Dada yako

*

Kituoni, Jumamosi 27 Aprili

Dada,

Barua zako zote mbili ninazo. Ile ya pili mkuu wako aliituma na rubani wa mizigo.

Nitakueleza ilivyokuwa. Nilikuwa na mzee mmoja wa tumbo, amejikunja kiti cha nyuma, muuguzi amemshika mabega. Kabla sijaruka walinisomea kwa redio ya zahanati: elfu moja na mia tano, Namba Saba. Nikasema moyoni, Dada na chumvi yake, nikaruka. Karibu na pengo kilele cha kushoto sikukiona. Nikashuka kidogo, nikakitafuta. Wingu lilikuwa limekaa kwenye mwamba kabisa, jeupe, na mimi bado najiambia litafunguka, daftari halijawahi kunidanganya. Hapo ndipo nikasikia "asiongeze kitu." Nikageuza. Kwenye kugeuza nikaona miti chini ya bawa, Dada, karibu kiasi cha kuona matawi yakicheza. Tulipotua muuguzi akatapika. Mzee tulimvusha kesho yake. Anaendelea vizuri.

Hayo yamepita. Ulinirudisha, nashukuru, na nina hasira nawe ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote.

Uliniuliza mbona nimepoa. Sasa nakwambia.

Tarehe 11 Machi, asubuhi, walituita kutoka kiwanja cha nne. Mama mwenye uchungu tangu jana yake, mtoto wa kwanza, damu haikatiki. Ndege nilikuwa nimeshaitoa bandani. Utabiri ulisema mawingu kuanzia elfu moja na mia tatu, asilimia thelathini za radi. Nikatazama dirishani, nikaona Mlango uko wazi. Nauona hivi, Dada, kilele na kilele. Nikakumbuka maneno yako, nisisome nikitafuta ruhusa. Nikajisemea, jicho langu linataka kwenda ndiyo maana linaona pametakata. Nikarudisha ndege ndani.

Muuguzi aliita tena saa nne. Akaita saa sita. Saa nane aliita kusema tusijisumbue tena.

Mtoto yuko hai. Mume wa marehemu alitembea siku mbili kuja hapa. Hakuja kugombana. Alisimama mlangoni mwa banda, kofia mkononi, akaniuliza, "Kijana, siku ile mvua ilinyesha wapi?" Kesho yake nilianza daftari.

Nilidhani ni mimi niliyesoma vibaya. Wiki sita nimelala na jambo hilo. Sasa niambie, Dada, bila milima na bila tahadhari ya mwenye akili. Tarehe 11 Machi zamu ilikuwa yako. Uliona nini, na uliandika nini?

Mdogo wako

*

Nyumbani, 2 Mei

Kasuku,

Niliona elfu mbili na mia moja. Niliandika elfu moja na mia tatu.

Radi haikuwepo kwenye ramani yoyote. Niliongeza kwa sababu jana yake uliruka mara tatu na nilitaka upumzike. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimeitafuta nyingine iliyo bora, sina.

Hukusoma vibaya. Ulisoma vizuri, na jicho lako lilikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyekufundisha usiliamini.

Unga wangu umemwagika. Nimesimamishwa, kuna baraza la uchunguzi, nimeshakaa mbele yao mara moja. Walikuwa na rekodi ya simu na habari ya tarehe 24. Ya tarehe 11 Machi hawakuwa nayo. Nimewapa. Mama anajua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia chumbani akafunga mlango, na tangu hapo tunaongea mambo ya chakula tu.

Nilikuwa nikikaa pale naweka mawingu, nakuona wewe. Kila ramani niliyochora ya upande ule ilikuwa na mtu mmoja tu ndani yake. Yule mama sikumwona. Sikujiuliza hata siku moja kwamba ng'ambo kuna mtu anaisubiri hiyo ndege. Nilisema hakuna safari yenye thamani kuliko wewe, nikaliandika kabisa kwa kalamu, na nikaona nimesema jambo la upendo.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nataka kwenda kwa yule baba, nimjibu mwenyewe swali lake. Nitapanda ndege ya vifurushi mpaka kwako, halafu nitatembea hizo siku mbili kama yeye alivyotembea. Niulizie kama atakubali kuniona. Akikataa, ana haki.

Dada yako

*

Kituoni, Jumatano 8 Mei

Dada,

Naandika nimesimama, wanapakua vifurushi na ndege haikai.

Nimeita kiwanja cha nne kwa redio sasa hivi. Muuguzi amemwendea, nyumba yake iko jirani na zahanati. Jibu lake ni neno moja: "Aje." Sijui lina maana gani. Sijui atakwambia nini, wala usinitegemee nikusaidie kujibu. Bado nina hasira. Asubuhi nilikuwa nayo, nikaitazama ile shuka ya maua, ikazidi.

Lakini kutembea hutatembea. Magoti yako yale mabovu hayafiki hata mtoni. Jumatano ijayo njoo na vifurushi, Alhamisi nitakuvusha mwenyewe. Kapteni Miwani amekubali. Nilimfungulia daftari, nikamwambia yote, ya kwako na ya kwangu. Mahojiano ameyasogeza mpaka mwisho wa mwaka. Akasema, "Huyo dada yako abebwe kama abiria mwingine yeyote."

Kiwanja cha nne ni kifupi na kina mteremko, ndege ni ndogo, kila kilo inaingia kwenye hesabu. Kabla hujaja panda mizani. Najua unavyopenda kupunguza. Niletee uzito wako, Dada, wa kweli.

Kasuku